Filamu Ile Haikuwa ya Siku Mbili

Yaya wangu Kambale,

Barua hii naiandika wazi, kila mtu aisome, kwa sababu mbili. Ya kwanza, anwani yako siijui. Ya pili, tangu utoto hukuwahi kusikia neno langu mpaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Basi watakaosoma juu ya bega lako niwaambie kwanza wewe ni nani. Wewe ni mtoto wa pili wa mama yetu, mimi ni wa tatu, ndiyo maana nakuita yaya, kaka mkubwa. Kazi yako ilikuwa kusema filamu. Sine zetu za hapa Butembo, zile nyumba za mbao zenye televisheni moja mbele na mabenchi nyuma, zinaonyesha filamu za lugha ambazo waliokaa kwenye mabenchi hawazijui. Lazima awepo mtu mwenye mikro, kile kipaza sauti, akae kando ya televisheni, aseme kwa Kiswahili kila kinachosemwa, alie mahali pa kulia, atishe mahali pa kutisha. Mtu huyo ulikuwa wewe. Miaka miwili iliyopita, ukiwa umeshahamia Beni, ulikwenda kuvuna kakao upande wa Mabalako na hukurudi. Hatukuona mwili. Hatukupata habari. Kwa miaka hiyo miwili mke wako Kavira hakujua avae nguo gani: akivaa nyeusi, mama alimwambia anakuitia kifo, akivaa za rangi, majirani waliuliza anamvalia nani.

Nataka tuzungumze juu ya Kijivu, shujaa wa utoto wetu.

Kitabu chake tulikipata kwa mwalimu wa Kifaransa, yule aliyeletwa kutoka Kasai, aliyekuwa akisema baridi ya Butembo ni adhabu ya serikali kwa watu wasio na ndugu Kinshasa. Alipohamishwa alituachia sufuria lililotoboka na bede moja isiyo na jalada. Sufuria mama alilipeleka kuzibwa. Bede, kile kitabu cha picha, ukakificha chini ya mkeka. Mimi nilikuwa sijui kusoma. Wewe ulikuwa unajua kidogo, na pale usipojua ulisoma picha kwa sauti ya mtu anayejua. Kusoma nilijifunzia humo, na ndiyo maana mpaka leo Kifaransa changu ni cha watu wanaopigana. Najua kusema "kufa, mwoga wewe!" bila kosa lolote. Kuomba karatasi kwenye ofisi ya commune kunanishinda.

Jina lake la Kifaransa lilibaki kwenye jalada, popote lilipokwenda. Ukamwita Kijivu, kwa sababu ya joho lake, rangi ya jivu la kuni za mvua. Alikuwa na nguvu za kubeba lori, akiruka paa hadi paa, na risasi zilimwangukia kifuani kama punje za mahindi. Lakini nguvu zile ziliishia pale mji ulipoishia. Mji wake ulikuwa na mto, na mto ulikuwa na daraja. Akivuka daraja, Kijivu ni mtu tu, mwenye kikohozi na viatu vilivyochanika. Maadui zake walijua. Kwa hiyo hawakuja mjini kupigana naye. Walikaa ng'ambo, wakawasha moto wao, wakala, wakamngoja. Sisi watoto wa Butembo jambo hilo hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kwenye ukurasa wa mwisho wanamteka dada yake, wanampeleka ng'ambo. Kijivu anavua joho, analikunja vizuri, analiweka juu ya jiwe, anavuka kwa miguu. Tunamwona kwa mgongo, mdogo kama karanga. Kisha hakuna tena.

"Yaya, alirudi?"

"Kitabu hakikusema."

"Lakini weye unawaza nini?"

"Siwazi kitu. Kama kitabu hakikusema, weye usimusemee."

Nililia. Ukanipiga konzi, halafu ukanipa kiazi chako.

Miaka ikapita, ukawa mtu wa mikro, na siku moja patron, mwenye sine, akarudi kutoka Kampala na filamu ndani ya flash. Tangazo lake lilibandikwa kwenye mbao: mtu mwenye nguo nyekundu na mkanda wa dhahabu, kama mwimbaji wa kwaya siku ya Pasaka. Ulipita pale mara mbili bila kumtambua. Mara ya tatu ukasimama.

"Kasereka, angalia sura. Njo yeye, ndiye mwenyewe. Bamemupaka rangi."

Tuliiangalia kwanza sisi wawili, asubuhi, kabla ya watu. Kwenye kitabu Kijivu ana mama, tena mama mgomvi, anayemuuliza kila kunapokucha joho limechanikia wapi na nani atalishona. Kwenye filamu mama anakufa kabla watu hawajamaliza kukaa. Nimeona filamu nyingi tangu siku ile, na nimegundua kwamba huko kwao shujaa hutengenezwa kwa mama aliyekufa, kama sabuni inavyotengenezwa kwa mawese. Kwenye kitabu akimpiga mtu ngumi, ukurasa unaofuata mkono umevimba. Kwenye filamu hata nywele hazitikisiki. Kwenye kitabu ana njaa. Hapa nilingoja mpaka mwisho, hakuonja hata ndizi.

Hayo yote ungeyasamehe. Ulichoshindwa kusamehe ni daraja. Daraja halikuwepo. Mto walikuwa nao, maji mazuri kabisa, lakini ulikuwa wa kupendeza macho tu. Kijivu aliuruka kama mfereji wa mvua, akaenda, akawapiga wote, akamrudisha dada yake mgongoni, wakafanya sherehe.

"Sasa kama anaweza kwenda fasi yote, mahali popote," ukaniuliza, "shida yake ni nini?"

Mpaka leo kila shujaa wa filamu namuuliza swali hilo, na hakuna aliyenijibu.

Mchana watu wakajaa. Mama alikuwa pale pale mlangoni alipokuwa akiuzia, na beseni lake la mandazi, ukuta wa mbao ukiwa kati yake na televisheni. Mama hajawahi kuona filamu hata moja katika maisha yake. Lakini amezisikia zote, kwa mdomo wako. Uliposema mama wa Kijivu amekufa, aligonga ukuta kwa ngumi: "Eh! Bamemuua mama tayari?"

Ulisema vizuri mpaka karibu na mwisho. Kisha kwenye televisheni Kijivu akapaa, nawe kwenye mikro ukasema: "Anafika pa daraja. Anavua koti. Anavuka kwa miguu."

Watu wakatazamana.

"Eh, Kambale! Mutu iko naruka!"

"Iko natembea," ukasema.

"Iko wapi iyo daraja?"

"Balisahau kuipiga picha."

Patron akasimama nyuma. "Kambale! Sema ile iko kwa tele!"

"Patron, tele iko nadanganya. Miye nilisoma."

Kwenye televisheni watu walikuwa wakicheza na kukumbatiana. Kwenye mikro kulikuwa kimya. Halafu ukasema, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba kanisani: "Ameenda. Haijulikani kama alirudi." Ukazima mikro. Gunzi la kwanza lilikupata sikioni. La pili lilinipata mimi, ambaye sikuwa nimesema kitu.

Kesho yake filamu ile ile ikawekwa tena, na patron akakaa nyuma yako, mkono wake juu ya bega lako. Ukasema kama ilivyo. Uliruka, ukapiga, ukarudi na dada mgongoni, ukafanya sherehe mpaka mabenchi yakalia. Mimi nilikuwa nakuangalia shingo. Ilikuwa shingo ya mtu aliyevalishwa shati la mwingine.

Jioni, tukimsaidia mama kubeba beseni, akatuambia: "Batoto bangu, ile filme ni muzuri. Jana nilisikitika, ameenda, haijulikani. Kumbe ilikuwa ya siku mbili! Leo amerudi."

Nikafungua mdomo. Ukanikanyaga mguu.

"Ndiyo, mama," ukasema. "Ilikuwa ya siku mbili."

Tulicheka njia nzima, wewe zaidi yangu. Mtu aliyekubali kupigwa magunzi kwa ajili ya daraja moja, alimdanganya mama bila hata kusimama kupumua. Sikukulaumu. Ilikuwa zawadi ndogo. Nani angejua kwamba mama ataitunza?

Kisha ukaoa, ukahamia Beni, upande wa Beu, kwenye sine yenye televisheni kubwa zaidi. Usalama ulipoharibika sine zikawa zinafungwa mapema, halafu zikafungwa tu. Msema filamu asiye na filamu ni mtu anayeomba kazi kama wengine. Ukaenda Mabalako na wenzako wawili, shamba la kakao la mtu. Wenzako walirudi. Wote wawili wanasema kulisikika risasi, mkakimbia, mkafika kijito, na hapo ukageuka. Baada ya hapo hawakubaliani. Mmoja anasema ulirudi kumbeba mama mzee aliyeshindwa kukimbia. Wa pili, mwenye maneno machache, anasema ulisema: "Nimesahau radio yangu."

Yaya, nakujua. Ilikuwa radio. Padri ameshamtumia yule mama mzee kwenye mahubiri, na watu walilia vizuri. Lakini yule mama ni filamu. Kitabu ni radio. Nimekukasirikia kwa ajili ya radio ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, nami ndiye peke yangu hapa nyumbani ninayekukasirikia, kwa sababu wengine wote wanamkumbuka mtu mwingine, mwenye nguo nyekundu.

Kavira akarudi Butembo kukaa kwa mama, ukweni, kama inavyotakiwa. Dada yake ana chumba cha kushonea nguo kule Bungulu, huko huko Beni, na alikuwa akimwita kila wiki. Lakini unajua kwetu. Mke wa mtu asiyekuwepo hatoki nyumbani kwa mume mpaka ukoo useme neno: amekufa, tukae kilio, mke awe mjane, au yuko, mke angoje. Neno halikusemwa, na bila neno nyumba nzima ilisimama. Mlango wako haufunguliwi. Sahani yako haishikwi. Hata mji wenyewe umekuwa hivyo: upande wa kusini barabara imekatwa na vita, upande wa kaskazini mtu akisafiri anaaga kama anayekwenda mbali sana. Tumekaa katikati, kama maharagi ndani ya sufuria lenye kifuniko.

Na mama hakuwa akilia. Angelia, tungejua la kufanya. Watu wa hapa tunajua kumshika mtu anayelia. Yeye alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, ametulia kabisa, na utulivu ule ndio uliotufunga. Akiulizwa, jibu lilikuwa moja: "Tuko bado siku ya kwanza."

Watu walidhani ni maneno ya kanisani. Mimi peke yangu ndiye niliyejua yametoka wapi, nikanyamaza, mwaka wa kwanza, na wa pili.

Aliyenivunja ni Kavira. Alinikuta bombani, akaweka bidoni lake la maji chini.

"Shemeki, sema kitu. Kama amekufa, nitalia. Kama yuko, nitamungoja kule Bungulu. Hata kule batu banangojaka. Lakini hapa niko kama nguo yenye ilisahauliwa kwa kamba."

Jumamosi iliyofuata baba mdogo aliita kikao. Wakubwa wa ukoo walikuja, na shangazi, wakakaa, wakanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kidogo ya kulainisha koo. Baba mdogo, unamjua, haanzi mbali.

"Miaka mbili!" akasema. "Hata Bwana Yesu alikaa siku tatu tu. Tufanye kilio, tupumue."

"Kilio ya nani?" mama akauliza.

"Ya Kambale."

"Tuko bado siku ya kwanza."

Baba mdogo akanigeukia. "Kasereka, weye njo ulikuwa naye mu kila kitu. Sema. Wakubwa tumechoka."

Nilikuwa na sentensi mbili. Moja ingemfungua Kavira na kumvunja mama. Nyingine ingemwacha mama na kiti chake, na Kavira kwenye kamba. Nilizitafuta zote mbili mdomoni, na iliyotoka ilikuwa ya tatu.

"Mama, ile filme haikuwa ya siku mbili."

"Filme gani tena?" baba mdogo akasema.

"Ilikuwa ya siku moja. Yaya aliisema mara mbili. Mara ya kwanza alisema vile iko mu kitabu. Mara ya pili alisema vile patron alitaka."

Mama aliweka mikono juu ya magoti. Hakuniangalia mimi, aliangalia mdomo wangu, kama anavyofanya mtu aliyezoea kusikiliza kupitia mbao.

"Patron njo alitaka arudi?"

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini?"

"Juu batu bafurahi. Barudi kesho."

"Na mu kitabu, alikufa?"

"Hapana. Kitabu hakisemi. Kinasema alivuka tu."

"Na bale balibaki mu mji? Kinasema nini juu yabo?"

"Hakisemi, mama. Kinaishia pale."

Baba mdogo alifungua mdomo, shangazi akamgusa goti, akaufunga.

"Basi na iyo kitabu ni ya kijinga," mama akasema. "Kinafuata ule anaenda. Benye babaki, kinabaacha."

"Basi, kilio ni siku gani?" baba mdogo akauliza.

"Hakuna kilio. Kitu yenye haijasemwa, siwezi kuililia. Lakini Kavira hapana kungoja juu yangu. Miye nilimuzaa. Yeye aliolewa tu." Akamgeukia mkeo, na hapo sauti yake ikashuka. "Kavira, mama, enda Bungulu. Vaa ile unataka. Kambale akirudi, anajua kuuliza njia."

Kavira alianguka magotini pake akalia, kwa mara ya kwanza mbele yetu, na mama akamshika kichwa. Baba mdogo akasema hiyo si desturi, haijawahi kuonekana, na kwamba akina mama sasa watatuongoza. Lakini aliyasema akiwa amesimama tayari, akitafuta kofia yake.

Jumatatu nilimsindikiza Kavira. Gari lilisimama kwenye bariyeri ya kutokea mjini, watu wakashuka kuonyesha karatasi zao. Mwanajeshi mmoja kijana, mtu wa mbali, Kiswahili chake kimetiwa viraka vya Lingala, akanitazama.

"Yo mpe, na weye, unaenda?"

"Hapana, chef. Ninasindikiza."

"Kila siku ni kusindikiza tu," akasema. "Munasindikizaka hata mu ndoto."

Kavira aliniita kutoka dirishani. Alikuwa amevaa kitambaa cha manjano, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kufurahi.

"Shemeki, na weye?"

"Miye niko," nikasema.

Ni pale bariyeri nilipoielewa ile Jumamosi. Nilikuwa nimefungua mlango mmoja, mtu mmoja amepita, na ufunguo umebaki upande wa ndani, mkononi mwangu. Mama amebakiwa na wana wawili. Mmoja haijulikani. Mwingine, sasa, anajulikana sana. Mimi nami nilikuwa na safari zangu kichwani, yaya. Sikukuambia, nawe hukuuliza. Nikapanda kilima kwa miguu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniharakisha.

Mama hajaacha kiti. Lakini maneno ya siku ya kwanza hayasemi tena. Badala yake, kila mchana tukichambua maharagi, ananiambia: "Aya, sema."

"Niseme nini, mama?"

"Bale balibaki."

Siku ya kwanza nilikataa. Ulinifundisha mwenyewe: kama kitabu hakikusema, usiwasemee. Siku ya pili aliniambia hivyo hivyo, akangoja, mikono ikiendelea kuchambua. Nikasema: "Kesho yake mvua ilinyesha. Bakaanua nguo."

"Aya. Kisha?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusema filamu, yaya, bila mikro, bila televisheni, kwa mtu mmoja. Nimemfufua mama wa Kijivu, maana kwenye kitabu hakufa. Amegombana na jirani kwa sababu ya mbuzi. Paa limevuja, wameliziba. Harusi moja imefanyika, wali haukutosha. Hakuna anayeruka. Hakuna anayekufa wala anayerudi; hapo sigusi. Sijawahi kuona mtu akisikiliza hadithi yenye mambo machache hivyo kwa masikio makubwa hivyo.

Sikufichi: kuna siku natamani kusimama, nimwage maharagi, nitoke. Siku hizo nasema kwa haraka, watu wote wa ule mji nawapeleka kulala mapema. Mama anajua, hasemi kitu, ananisogezea ungo.

Jana nilikuwa nimemweka mama wa Kijivu mlangoni, anaangalia njia, kama nilivyozoea kumweka nikikosa la kusema. Mama yetu akanikatiza.

"Ule mama, hapana kumuweka pale kila siku. Shingo inamuuma. Umupe kazi."

Leo nimempa shamba la vitunguu, upande wa maji. Mama ameuliza kama limepaliliwa. Nimesema bado. Amesema basi kesho tutaanza na palizi.

Sikuagi kama anavyoagwa marehemu, na sikukaribishi kama anayebisha hodi. Nakusalimia tu, kutoka huku kwa waliobaki. Kama unanisikia, usinisahihishe.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Kasereka